Kuunganisha Mazoezi ya Pumzi na ya Nguvu: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Mombasa

Watu wanaofanya mazoezi Mombasa wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wale wanaojaza Mama Ngina Drive na ufuo wa Nyali alfajiri, wakikimbia au wakitembea kwa kasi, na wengi wao hawajawahi kunyanyua kitu kizito kwa makusudi. Kambi ya pili ni ya vijana wa jimu za mitaani, wenye vifua vipana na mikono iliyojaa, ambao wakipanda ngazi za ghorofa tatu hulazimika kusimama katikati watafute pumzi. Kila kambi ina nusu ya kile ambacho mwili unahitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayokaza moyo na mapafu kama kukimbia, kutembea kwa kasi, baiskeli na kuogelea, ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, na juu ya hayo wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku mbili. Moja halichukui nafasi ya jingine.

Wanaojaribu kuyaunganisha mara nyingi hukwama baada ya wiki chache, na si kwa uvivu. Huwa wamerundika kila kitu pamoja bila kuangalia kipi kinakula nguvu za kipi. Katika mji wa joto na unyevunyevu kama huu tatizo hilo huja mapema zaidi, kwa sababu mbio ambazo mtu wa Limuru angeziita nyepesi, hapa huwa nzito bila mwenyewe kutambua, na siku ya vyuma ikifika miguu haina kitu. Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya kanuni moja: siku za nguvu hupangwa kwanza katika wiki, na mazoezi ya pumzi hupimwa kwa pumzi yenyewe, si kwa kasi wala kwa umbali.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo, au anayepata maumivu ya kifua na kizunguzungu akijikaza, aonane na daktari kabla ya kuanza. Vivyo hivyo kwa mjamzito, na kwa aliyevuka miaka 40 bila kufanya mazoezi kwa muda mrefu. Kupima presha na sukari ni kazi ya dakika chache, na majibu yake hubadilisha namna ya kuanza.

Baada ya hapo, jipime mambo manne na uyaandike kwenye daftari. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, kwa siku tatu, uchukue wastani. Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha simama na ukae mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Piga pushapu hadi umbo, yaani mkao sahihi wa mwili, lianze kuharibika. Asiyeweza za chini azipige akiwa ameegemea baraza ya nje ya nyumba. Mwisho, tembea au kimbia kwa dakika 12 mahali tambarare na uandike ulipofika. Namba hizi nne hazina haja ya kulinganishwa na za mtu mwingine. Utazihitaji baada ya wiki 12.

Andika pia lengo lako moja kuu, kwa sababu ndilo litakaloamua kipi kitangulia. Anayetaka kuongeza nguvu au kupunguza tumbo bila kupoteza misuli atatanguliza nguvu. Anayejiandaa kwa mbio za kilomita 10 au 21 atatanguliza mbio. Asiye na hakika atangulize nguvu, kwa kuwa kwa mtu wa kawaida wa mjini huo ndio upande uliosahaulika zaidi.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini mazoezi haya mawili hugongana

Suala hili lina historia yake. Robert Hickson alikuwa mtafiti kijana Marekani na mpenzi wa kunyanyua vyuma, ambaye alipoanza kukimbia pamoja na mwalimu wake, John Holloszy, aliona misuli yake ikipungua ingawa hakuwa ameacha vyuma. Mwaka 1980 alichapisha utafiti uliogawa washiriki katika makundi matatu: kundi la vyuma peke yake, kundi la pumzi peke yake, na kundi lililofanya yote mawili kwa wiki 10. Kundi la mchanganyiko lilipata pumzi sawa na la pumzi. Nguvu zao nazo zilipanda vizuri kwa takriban wiki saba, kisha zikasimama na mwishoni zikaanza kushuka, huku wale wa vyuma peke yake wakiendelea kupanda.

Wengi husikia habari hiyo wakahitimisha kwamba kukimbia kunaua misuli. Hitimisho hilo si sahihi. Washiriki wale walinyanyua siku tano kwa wiki na kufanya mazoezi makali ya pumzi siku sita kwa wiki, kazi ambayo hakuna mwajiriwa wa bandarini wala mama mwenye watoto atakayeifanya. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa mtu anayefanya kwa kiasi, ukuaji wa misuli na nguvu za kawaida haziathiriki sana. Kinachopungua zaidi ni nguvu za ghafla, kama za kuruka na kuchomoka, hasa mazoezi yote mawili yanapofanywa kwa mfululizo mmoja. Imeonekana pia kwamba kukimbia kunagongana na nguvu za miguu kuliko kuendesha baiskeli, kwa sababu kila hatua ya mbio ni pigo ambalo misuli hulipokea na baadaye hulazimika kulirekebisha.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ya kushika. Wingi wa mazoezi makali ya pumzi ndio unaodhuru, si mazoezi ya pumzi yenyewe. Muda kati ya kipindi kimoja na kingine una maana, na saa sita au zaidi ni bora kuliko kuunganisha. Na siku inayofuata mazoezi mazito ya miguu isiwe siku ya mbio kali.

Hatua ya 3: Weka siku za nguvu kwanza

Chagua siku mbili zenye angalau siku mbili za nafasi katikati, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Katika kila siku gusa mwili mzima kwa miendo sita: kuchuchumaa na kusimama, kuinua mzigo kutoka chini kwa kukunja nyonga, kusukuma, kuvuta, kubeba na kutembea, na kukaza kiwiliwili. Mtindo wa kutenga siku ya kifua, siku ya mkono na siku ya mgongo unawafaa wanaokwenda jimu siku tano. Kwa anayetaka pia kukimbia, mtindo huo humwacha kila siku ana kiungo kinachouma.

Anza kwa seti mbili (mizunguko miwili) za kila mwendo, marudio 8 hadi 12 katika kila seti, na baada ya wiki tatu fanya seti tatu. Simama ukiwa bado ungeweza kurudia mara mbili zaidi kwa umbo zuri. Pumzika dakika moja hadi mbili kati ya seti, na usizipunguze kwa kutaka jasho, kwa sababu jasho ni kazi ya siku nyingine. Kipindi chote kisizidi dakika 40, pamoja na dakika tano za mwanzo za kuchangamsha viungo.

Asiyekuwa na jimu hana sababu ya kungoja. Kifaa bora nyumbani ni mtungi wa plastiki wa maji, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hivyo unaweza kuongeza mzigo kidogo kidogo kwa usahihi ambao hata jimu nyingi hazina. Chukua mtungi wa lita 20, tia lita 8, chora alama kwa kalamu pembeni palipofika maji. Ukimaliza marudio 12 katika seti zote bila kuyumba, wiki inayofuata ongeza lita moja. Mshikio wa mtungi ni mwembamba, hukata vidole na hautoshi mikono miwili. Pitisha leso kuukuu iliyosokotwa ndani yake, ushike ncha zote mbili, na mzigo utaning'inia katikati ya miguu yako pale unapotakiwa kuwa. Kuna jambo moja la kuangalia: mtungi usiojaa hucheza, maji hupiga upande mmoja na kukuvuta nayo. Kwa anayeanza kujifunza kuinua mzigo kutoka chini, ni afadhali atumie mtungi mdogo wa lita 5 au 10 uliojaa pomoni, na ule mkubwa unaocheza auache kwa mazoezi ya kubeba, ambapo kuyumba kwake kunafundisha kiwiliwili kutulia.

Katika kuchuchumaa, kumbatia mtungi kifuani, weka miguu kwa upana wa mabega na vidole vikitazama nje kidogo, ushuke hadi mapaja yalingane na sakafu au pale unapoweza bila visigino kuinuka. Asiyefika chini aanze kwa kukaa na kusimama kwenye baraza. Katika kuinua kutoka chini, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, mgongo ukibaki umenyooka. Ukihisi kazi nyuma ya mapaja uko sawa, ukiihisi kiunoni mzigo ni mkubwa au mgongo umepinda. Kusukuma ni pushapu, kuanzia ukutani, kisha barazani, kisha sakafuni. Kwa kuvuta, weka mkono na goti la upande mmoja juu ya baraza au benchi, uvute mtungi wa lita 5 au 10 kwa mkono wa pili hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Mwendo huu wa kuvuta ndio unaoachwa zaidi, nami ningependa upewe uzito kuliko pushapu, kwa sababu wengi wetu mchana kutwa tumeinama juu ya simu, meza au usukani. Kwa kubeba, shika mitungi miwili iliyojaa, utembee mita 30 ukiwa wima, ugeuke na kurudi. Malizia kwa planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, kwa sekunde 20 hadi 40, mara mbili.

Anayefanya kazi ya nguvu apunguze. Kijana anayesukuma mkokoteni wa maji juani, au mchukuzi wa magunia sokoni, tayari amebeba na kusukuma kupita kiasi. Kinachomfaa ni siku mbili fupi za kuvuta, kukaza kiwiliwili na kunyoosha viungo, pamoja na usingizi.

Hatua ya 4: Jenga pumzi kwa wepesi

Sehemu kubwa ya mazoezi ya pumzi iwe nyepesi kiasi kwamba unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata, ingawa huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo; ukibakiwa na maneno mawili matatu kwa pumzi moja, punguza, hata kama kupunguza maana yake ni kutembea. Anayependa namba atumie makadirio haya: 208 toa umri wako uliozidishwa kwa 0.7. Mtu wa miaka 40 anapata mapigo 180 kwa dakika kama kiwango chake cha juu, na mazoezi mepesi yatakuwa kati ya asilimia 60 na 70 ya hayo, yaani mapigo 108 hadi 126. Anayemeza dawa za presha zinazopunguza mapigo asitegemee hesabu hii; ategemee mazungumzo.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Mombasa inapoingia. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi, si kwa jasho kutoka tu. Hewa ikiwa imejaa unyevunyevu, jasho hutiririka bila kukauka, joto hubaki ndani, na moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Mapigo hupanda ingawa mwendo ni uleule. Ulimwengu ulishuhudia jambo hili tarehe 24 Machi 2007, mji huu ulipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya Mama Ngina Drive. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, alitoka njiani katika joto lile kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa bingwa wa namna hiyo alizidiwa, mtu anayeanza hana sababu ya kuona haya akipunguza mwendo.

Kwa hiyo kasi uliyoisoma kwenye programu ya simu iliyoandikwa kwa nchi za baridi iache. Fanya mazoezi kati ya saa 11 na nusu alfajiri na saa 1 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Miezi ya Februari na Machi ndiyo yenye joto kali, na Julai na Agosti ndiyo yenye nafuu, hivyo mpango mzito ukiweza kuuweka wakati wa kusi utakuwa umejirahisishia. Mwili huzoea joto baada ya wiki moja hadi mbili za mazoezi ya kila siku au karibu kila siku. Mgeni aliyeshuka kutoka bara ajipe muda huo kwa kutembea tu.

Kuhusu mahali, ufuo wa Nyali na Bamburi ni mzuri mno ukijua kusoma maji. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na tambarare, na ndio wa kukimbilia. Yakijaa, unabakia na ukanda wa mchanga mkavu laini ulio kwenye mteremko, ambao unachosha kifundo cha mguu na ukano wa kisigino, na unafanya mguu mmoja uwe juu kuliko mwingine njia nzima. Saa za kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa wiki nzima. Ukikuta maji yamejaa, tembea, au hamia barabarani. Siku zote rudi kwa njia ileile uliyoendea, ili mteremko ugawane miguu yote miwili.

Kukimbia si lazima. Kuogelea na baiskeli huacha miguu na nguvu zake kwa ajili ya vyuma, na kwa mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu hizo ndizo njia za kwanza. Anayeendesha baiskeli aondoke mapema kabla malori hayajajaa barabarani. Kamba ya kuruka inatosha ndani ya ua, dakika moja ya kuruka na moja ya kupumzika, ingawa kwa wengi kamba si zoezi jepesi na isihesabiwe hivyo. Anayevuka Likoni kwa feri kila siku, akishuka na kupanda mteremko kwa mwendo wa haraka, ana dakika ambazo anaweza kuzihesabu kwa haki kabisa.

Hatua ya 5: Pangilia wiki

Mpango unaofuata unampa mtu dakika 150 za pumzi na vipindi viwili vya nguvu, na ninaupendekeza kwa kuwa unavumilia dharura za maisha.

Jumatatu: nguvu dakika 40, kisha pumzi nyepesi dakika 15.
Jumanne: pumzi nyepesi dakika 35, kwa kutembea kwa kasi, baiskeli au kuogelea.
Jumatano: mapumziko.
Alhamisi: nguvu dakika 40, kisha pumzi nyepesi dakika 15.
Ijumaa: matembezi ya haraka dakika 30, baada ya Alasiri.
Jumamosi: kipindi kirefu cha pumzi, dakika 55.
Jumapili: mapumziko.

Katika siku zenye yote mawili, nguvu hutangulia. Misuli iliyokwisha chokeshwa na mbio hushindwa kushika umbo, na umbo likiharibika chini ya mzigo ndipo kiuno huumia. Lakini moyo uliokwisha changamshwa na vyuma huendelea na matembezi mepesi bila taabu. Anayejiandaa kwa mbio ndiye peke yake ageuze mpangilio, na hata yeye ni bora akimbie alfajiri na anyanyue jioni.

Wiki tatu za mwanzo fanya nusu ya dakika za pumzi zilizotajwa, yaani takriban 75, na seti mbili za nguvu. Wiki ya nne usiongeze dakika zozote za pumzi. Kuanzia ya tano ongeza dakika 10 hadi 15 kila wiki hadi ufikie 150, na ndipo sasa, si kabla, utie mazoezi makali: katikati ya kipindi cha Jumamosi, kimbia au endesha kwa nguvu dakika mbili, tembea dakika tatu, urudie mara nne. Jumamosi imechaguliwa kwa sababu iko siku mbili baada ya kazi ya miguu na inafuatwa na mapumziko. Kipindi kimoja kikali kwa wiki kinamtosha mtu anayenyanyua pia. Kuanzia wiki ya nane, kila wiki ya nne punguza kila kitu kwa theluthi moja, mazoezi ya nguvu kwa idadi ya seti na ya pumzi kwa dakika.

Mwenye siku tatu tu afanye nusu saa ya nguvu na nusu saa ya pumzi katika kila siku hizo, apate dakika 90, na zinazobaki azitafute kwa kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwake. Mzee aliyefikisha miaka 65 aongeze mazoezi ya kusimama imara angalau siku tatu, kama kusimama kwa mguu mmoja huku akigusa ukuta, au kutembea kisigino kikigusa vidole. Kwa umri huo kuzuia kuanguka kuna thamani kuliko kilo yoyote ya ziada kwenye mtungi.

Hatua ya 6: Kula, kunywa na kulala kulingana na kazi

Anayeunganisha mazoezi haya mawili anahitaji protini zaidi ya anayekimbia tu. Kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kinatosha. Mtu wa kilo 70 ni takriban gramu 112 kwa siku, zilizogawanywa katika milo mitatu au minne. Mwenye maradhi ya figo aulize daktari kwanza. Chakula cha Pwani kinakidhi haja hii bila unga wa kopo: yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20, kikombe cha maharage au ndengu zilizopikwa kina takriban 15. Mahamri na mbaazi ni staftahi nzuri baada ya mazoezi, mradi mbaazi ziwe nyingi kuliko mahamri na kuwe na yai pembeni. Wali hauna kosa siku za kazi. Wanaouacha kabisa hujikuta hawana nguvu Alhamisi.

Kujua umepoteza maji kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ukiwa na nguo chache na kavu. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na kwa muda wa saa chache zinazofuata unywe kiasi hicho na nusu yake. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo kuliko ile inayotoka na jasho, kwa hiyo lifuatane na chakula chenye chumvi ya kawaida. Mwenye shinikizo la damu asijiongezee chumvi kwa sababu ya mazoezi bila ushauri.

Usingizi wa saa saba au zaidi haubadilishwi na kitu. Anayeamka saa 11 alfajiri alale kabla ya saa 4 usiku, na kama hawezi, ahamishie mazoezi jioni.

Hatua ya 7: Ramadhani

Mwezi huu hupangiwa lake. Wengi huacha kabisa wakaanza upya baada ya Idi, na wengine hung'ang'ania mpango wa kawaida wakaumia. Njia ya kati ni rahisi kwa sababu misuli huhifadhiwa kwa kazi ndogo sana kuliko ile iliyoijenga, mradi uzito wenyewe usipunguzwe. Fanya vipindi viwili vya nguvu kwa wiki, seti moja au mbili za kila mwendo kwa mzigo uleule wa awali, baada ya Tarawehe au takriban saa moja na nusu baada ya futari nyepesi ya tende, maji na uji. Pumzi iwe matembezi ya dakika 20 hadi 30 yanayomalizika karibu na Maghrib, ili maji yawe karibu. Mazoezi makali yaachwe mwezi mzima. Daku iwe na protini na nafaka isiyokobolewa, na maji yagawanywe kati ya futari na daku badala ya kumiminwa yote kwa mara moja. Baada ya Idi, chukua wiki mbili kurudi kwenye dakika zako za zamani.

Hatua ya 8: Sikiliza dalili na ujipime tena

Mapigo ya asubuhi yakizidi wastani wako kwa saba hadi kumi kwa siku mbili mfululizo, usingizi ukiwa mbaya na mzigo wa kawaida ukionekana mzito, ondoa kipindi kikali cha wiki hiyo. Maumivu ya misuli yanayosambaa na kuisha kwa siku mbili si tatizo. Maumivu ya mahali pamoja, hasa kwenye goti, ugoko au kisigino, yanayozidi ukiendelea, yanataka usimamishe mbio na kubaki na baiskeli au kuogelea hadi yatulie.

Dalili za kuzidiwa na joto hazingojewi. Kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na kubanwa na misuli ni amri ya kusimama, kukaa kivulini na kunywa maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kujibu ovyo au kuyumba, awe anatokwa na jasho au la, hiyo ni hatari ya uhai: mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali huku kupoza kukiendelea.

Wiki ya 12 ikiisha, rudia vipimo vinne vya mwanzo, kwa saa ileile ya siku na mahali palepale. Idadi ya kusimama kitini ikiwa imepanda na umbali wa dakika 12 haujasogea, ongeza dakika 10 kwenye kipindi cha Jumamosi na usiguse kitu kingine kwa mwezi mmoja. Umbali ukiwa umepanda na pushapu zimesimama palepale, ongeza seti moja ya kusukuma na moja ya kuvuta siku ya Alhamisi. Vyote viwili vikiwa vimesimama, angalia kwanza saa unazolala na protini unayokula kabla ya kuongeza kazi yoyote.